Marehemu Arobaini na Watatu na Daftari la Mbeyu

Mwambire wa Kambi,
Msomaji wa Wasifu Matangani,
Junju.

Jumanne.

Kwa Mhariri,
Tovuti ya Mbeyu Ngowa,
Mtandaoni.

Mheshimiwa Mhariri,

KUH: OMBI LA KUFUTWA KWA DAFTARI LAKO LA HESABU KUHUSU HOTUBA ZANGU, KABLA YA JUMAMOSI

Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mhariri wa tovuti yoyote ile. Najua vizuri kwamba mhariri huyo ni wewe Mbeyu, mwana wa dada yangu Kadii, na kwamba mimi ni mjomba wako niliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Lakini hili ni jambo rasmi, na katika jambo rasmi mjomba na mpwa hawajuani. Kwa hiyo humu ndani sitakuita Mbeyu, na shikamoo yangu nitaipokea siku nyingine.

Barua hii nilitaka iwekwe kwenye kile kisanduku cha maoni kilicho chini ya ukurasa wako. Purity wa saiba, kile kibanda cha kompyuta, ambaye ndiye anayenichapia, amejaribu mara tatu na kisanduku kimekataa, eti maneno ni mengi mno. Sijawahi kuambiwa hivyo na kipaza sauti chochote. Basi nitakuletea kwa karatasi, kwa mkono wa mama yako. Makosa ya chapa ni ya Purity.

Kwanza nieleze yaliyotokea, kwa faida ya yeyote atakayeisoma barua hii baada yetu. Nimesoma wasifu wa marehemu hapa Junju na vijiji vya jirani kwa miaka ishirini na sita. Mtu akifa, wafiwa hunijia na jina, umri na hesabu ya watoto. Mimi natoa kitabu changu cha mistari, naingiza hayo matatu pahali pake, na siku ya maziko nasimama mbele ya watu nasoma. Nimewasindikiza wazee, kina mama, waendesha bodaboda na mwalimu mkuu mmoja. Hakuna marehemu wangu aliyewahi kusemwa vibaya, na hakuna familia iliyowahi kunirudishia hotuba.

Mwaka jana mwezi wa nane tulimzika baba yako Ngowa, aliyekuwa shemeji yangu. Wasifu wake niliusoma mimi. Baada ya hapo wewe, unayefanya kazi ya takwimu huko Kilifi, ukaanza kuhudhuria kila matanga, hata ya watu usiowajua, umeketi viti vya nyuma na simu mkononi. Mimi nikasema, masikini, mtoto ana majonzi. Kumbe unanirekodi! Ukaenda na kwa wapiga video ukachukua hotuba zangu za zamani. Ukazigeuza zote kuwa maandishi, ukazipima kwa kompyuta, na wiki tatu zilizopita ukazibandika kwenye tovuti yako mbele ya ulimwengu mzima, chini ya kichwa kisemacho "Je, Junju tunazika mtu mmoja?"

Jumamosi hii ni matanga ya pili ya baba yako, ya kumkumbuka, na nimeombwa nisimame tena. Nitasimamaje? Nitafungua kinywa, na kila aliye na simu atakuwa ameshajua sentensi inayofuata. Ndiyo sababu ya malalamiko haya, ambayo nimeyapanga kwa namba.

1. Umetupeleka jikoni. Purity amenifungulia daftari lako nikaliona kwa macho yangu. Si habari, si hadithi. Limekatwa vipande vipande: hapa maneno yako, chini yake amri ulizoipa kompyuta, chini yake jibu ililokupa, kisha tena maneno, tena amri, tena jibu, mpaka mwisho. Yaani umetuonyesha kazi yote tangu kuosha sufuria. Mheshimiwa, sisi watu wa pwani mgeni huletewa sinia limefunikwa kawa. Hapelekwi jikoni akaone mchele unavyochaguliwa mawe. Ungetuandikia jibu peke yake, mimi ningesema ni uongo, wewe ungesema ni kweli, na maisha yangeendelea. Sasa ukionyesha kila hatua, mimi nibishe wapi? Huku ni kumnyima mtu mzima haki yake ya kubisha.

2. Aibu zako umeziacha nje. Katikati ya daftari kuna maandishi mekundu, marefu, ya hasira. Nilipouliza ni nini, Purity akaniambia hapo kompyuta ilikuwa ikikugombeza kwa sababu ulikosea jina la faili. Na wewe ukayaacha! Ukaandika na maneno chini yake, kwamba umeliacha kosa hili ili mwenzako asilirudie. Lo! Mtu na akili zake, na digrii yake, anatukanwa na mashine, halafu anayatundika matusi ukutani wapita njia wayasome. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Wewe kombe umelifunua, mwanaharamu umemwita kwa jina, na kiti umemwekea.

Isitoshe, namba za vipande vyako zinarukaruka. Kuna cha nne, kisha cha thelathini na moja, kisha cha tisa. Purity asema ni kwa kuwa uliviendesha mara nyingi huku na huku. Katika barua hii utaona namba zinavyofuatana kwa adabu.

3. Asilimia tisini na sita. Umeandika kwamba hotuba zangu arobaini na mbili kati ya arobaini na tatu zinafanana kwa asilimia tisini na sita, na kwamba nyingi ya zile nne zilizobaki ni majina ya watu. Nilimwambia Purity hesabu hiyo ni fitina. Akabonyeza pahali fulani, daftari likajihesabu upya pale pale saiba, na jibu likatoka tisini na sita. Nikamwambia rudia. Tisini na sita. Nikamwambia azime mashine, aiache ipumue, aiwashe tena. Tisini na sita! Hata shahidi wa kweli mahakamani hubadilisha neno moja moja. Kitu kisichobadilisha maneno hata kikihojiwa mara tatu, mimi sikiamini.

Halafu umechora mchoro ambao nukta arobaini na mbili zimerundikana pahali pamoja kama nzi kwenye embe, na ndipo unapouliza kama tunazika mtu mmoja. Sikiliza. Fundi seremala akichonga milango arobaini inayofanana, asifiwa kwa mkono wake. Mimi nikichonga hotuba arobaini zinazofanana, nachorwa. Tena marehemu wanafanana kweli. Wote wamelala, wote wamenyamaza, wote wameacha pengo lisilozibika. Na mbona padri hukumpima? Padri anatuambia sisi ni mavumbi tangu sijabaleghe, hajaongeza hata vumbi moja, na mchoro wake sijauona.

Ama ile nukta ya arobaini na tatu, iliyokaa pembeni peke yake kama mtu aliyenuniwa, nataka ieleweke kwamba hotuba ile ya kule kijiji cha Adu ilikuwa ajali. Mvua ilininyeshea njiani, wino ukasambaa, kitabu hakikusomeka. Nikalazimika kumsema marehemu Dena kwa kichwa, yale niliyomjua nayo: kwamba alikuwa na chongo na bado hakuna aliyemshinda kulenga kwa kombeo, na kwamba alioa akiwa na miaka hamsini na tano na siku ya harusi akalala fofofo kwenye kiti cha bwana harusi. Dakika nne tu, basi. Watu walicheka, kisha wakalia, nami nilirudi Junju nimeinamisha kichwa. Wewe umeandika kwamba hiyo ndiyo hotuba yangu bora kuliko zote. Msiba wangu umeupa cheti.

4. Vikohozi. Hili limeniuma, sitaficha. Umezisikiliza rekodi zote, ukahesabu waombolezaji wanaokohoa, ukachora mstari wa kuonyesha wanakohoa wakati gani. Mstari umelala, umelala, umelala, halafu kwenye sentensi moja unaruka juu. Sentensi yenyewe ni ile isemayo kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Katika hotuba ishirini na tisa kikohozi kimeanza hapo hapo, tena si cha mtu mmoja.

Mimi ninayo maelezo. Junju kuna vumbi. Na moshi wa wapishi hulifikia hema kwenye dakika ya sita, na dakika ya sita ndiyo ya sentensi hiyo. Kama wewe ni mtu wa takwimu kweli, ungepima upepo. Na hata nikikubali, kwa mfano tu, kwamba watu wanakohoa kwa sababu wanamjua marehemu, hilo latuonyesha nini? Latuonyesha kwamba waombolezaji wetu wana adabu, maana wangeweza kucheka.

5. Malalamiko ya tano nimeyafuta, kwa sababu nilipoyasoma niliona hayana heshima kwa mhariri. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyofanya na makosa yake.

6. Wewe hata ulichofuta kinaonekana. Purity amenionyesha ukurasa ambapo kila badiliko ulilofanya limewekwa pamoja na tarehe yake. Tarehe tatu uliandika kwamba mjomba ni mvivu. Tarehe tano ukabadilisha, ukaandika kwamba mjomba ana mtindo wake. Nashukuru kwa la pili. Lakini la kwanza mbona halijazikwa? Kazi yangu mimi ni kuzika, najua kitu kilichozikwa kinavyotakiwa kukaa.

7. Kitufe. Mwisho wa daftari umeweka visanduku vitatu na kitufe. Mtu anaandika jina, umri na idadi ya watoto, anabonyeza, na hotuba yangu nzima inatoka, tangu "ndugu waombolezaji" mpaka "pengo lisilozibika", na ile nafasi ya kupenga kamasi imo. Umeeleza kwamba ni mfano wa kuonyesha hotuba hizi zinavyoundwa. Watu wa Junju hawakuona mfano, waliona huduma.

Mzee Kyalo mwenye duka, mtu mwenye afya kukushinda wewe, amejiandikia wasifu wake. Ameupenda. Ameuchapisha kwa Purity na kuutundika dukani juu ya mizani, na kila anayekuja kununua sukari anasoma kwamba Kyalo ametutoka ghafla. Wageni kutoka mbali wanampa mkewe pole, na Kyalo mwenyewe yuko hapo hapo anawapimia. Nilipomwambia autoe, alinijibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kusemwa vizuri hivyo na haoni kwa nini angoje.

Hilo ni dogo. Wiki iliyopita tulimzika mzee Kavumbi, baba wa watoto kumi na wawili. Mimi sikuitwa. Mpwa wake Mwaro alisimama na simu yake, kifua mbele, kwamba wasifu anao. Kumbe vile visanduku hakuvijaza, alibonyeza tu. Akasoma, na kipaza sauti kikamfikisha mpaka barabara kuu, kwamba leo tumekusanyika kumsindikiza JINA HAPA, mzee wa miaka sifuri, aliyeacha watoto sifuri. Watoto wote kumi na wawili walikuwa chini ya hema, wamevaa fulana zenye picha ya baba yao! Ungedhani Mwaro angekoma. Hakukoma. Akaendelea kwa sauti ya huzuni mpaka akafika pale ambapo JINA HAPA hakuwahi kugombana na mtu, na hapo hata mjane, ambaye asubuhi nzima alikuwa akishikiliwa, ilibidi ashikiliwe kwa kicheko.

Nilijipa moyo. Nikasema sasa watu watajua thamani ya mwenye kazi yake. Na unajua walisema nini wakitoka? Walisema haikuwa na tofauti kubwa na ya Mwambire.

8. Firigisi. Kwa miaka ishirini na sita, nikimaliza kusoma, sahani yangu huja kando, ina kuku, na juu ya kuku ipo firigisi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ni heshima tu. Kwa Kavumbi niliketi kama mwombolezaji wa kawaida, nikaletewa shingo. Niliila mpaka mfupa.

9. Baba yako. Hapa naomba nizungumze polepole. Katika kipande cha mwisho umepanga hotuba ya Ngowa kando ya ile ya mwalimu mkuu, mstari kwa mstari, na kila palipotofautiana ukapapaka manjano. Manjano ni pahali patatu: jina, umri, na watoto watano. Basi. Chini yake hukuweka hesabu tena. Uliandika hivi: "Baba yangu aligombana na kila mtu. Nilikaa pale nikingoja kumsikia, na sikumsikia. Nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu."

Mheshimiwa Mhariri. Mbeyu. Hayo hayaandikwi mtandaoni. Ungenijia nyumbani ukaniambia. Ningekukatalia, ndiyo, lakini ungekuwa umeniambia.

Na ulitaka niseme nini? Nisimame mbele ya padri, chifu na wakwe waliotoka Rabai, nitangaze kwamba marehemu alikuwa mgomvi? Maiti haulizwi sanda, na wasifu ni vivyo hivyo. Mtu akishakufa avikwa nguo moja safi inayowatosha wote, hapimwi kiuno. Hebu fikiri tukianza mchezo huu wako. Leo tutasema ukweli wa maiti mmoja. Kesho wafiwa wa pili wataudai wa kwao. Keshokutwa walio hai, kwa kuogopa watakavyosemwa, wataanza kujirekebisha. Majirani watarudisha majembe waliyoazima. Kesi za mipaka zitakwisha. Baraza la chifu litakosa la kusikiliza, wazee wa usuluhishi watakaa bure na midomo yao, serikali itaona kituo cha polisi hakina kazi na itakiondoa. Mwisho wake tutabaki na amani tupu, mwaka mzima, na hapa Junju hakuna aliyejiandaa kwa hilo.

Kwa hayo yote naomba daftari lifutwe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Likishindikana kufutwa, basi maneno mekundu yafagiliwe, kitufe kiwe kinaniomba ruhusa mimi kwanza, na ile tisini na sita iondolewe iandikwe kwamba hotuba za Mwambire zinafanana kidogo, kama ndugu wa baba mmoja. Nukta ya Adu irudishwe kundini na wenzake.

Nisipojibiwa, nitalazimika kuchukua hatua. Jumamosi nitasimama na kuusoma wasifu wa Ngowa ule ule wa mwaka jana, neno kwa neno, tena polepole, bila kubadilisha hata pumzi, ili safari hii iwe mia kwa mia na upate cha kuchora.

Nimalizie kwa salamu. Wasalimie wenzako wote wa kazini wanaopima vitu. Msalimie mwenye nyumba wako wa Kilifi, na mwambie bomba lile bado lavuja. Msalimie mama yako, ingawa ndiye anayekuletea barua hii. Wasalimie pia walioacha maoni chini ya daftari lako, hasa yule wa Malindi aliyeandika kwamba kwao naye yupo mmoja kama mimi. Ningependa kupata anwani yake.

Ni mimi niliyekosewa lakini bado mjomba wako,

Mwambire wa Kambi

Tanbihi: Leo ni Alhamisi. Purity ameshaichapa barua yote, nami si mtu wa kuitupa kazi ya mwenzangu, kwa hiyo isome hivyo hivyo ilivyo, halafu usome na haya.

Mama yako alikuja asubuhi kuichukua. Kabla sijafunga bahasha aliniomba nimsomee nitakayoyasema Jumamosi, kwa sababu yale ya mwaka jana hakuyasikia kwa kilio. Nikatoa kitabu nikamsomea, yote, kwa sauti yangu ya matangani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, huyo ni nani.

Nilipandwa na hasira, Mbeyu. Nikamwambia huyo ni Ngowa, mume wako kwa miaka thelathini na nane! Ngowa aliyebishana na redio mpaka betri zikaisha. Ngowa aliyemwambia padri katikati ya mahubiri kwamba saa imepita na wali unapoa. Ngowa aliyenishtaki kwa chifu mara tatu kwa ajili ya mkorosho mmoja wa mpakani, na mwaka ule upepo ulipong'oa paa langu, ndiye aliyetangulia kupanda juu na makuti, akinitukana kwa kila kuti alilofunga, na hakushuka mpaka watoto wangu walipopata pa kulala. Tangu afe hakuna anayenitukana vizuri. Korosho za mkorosho ule sasa zote ni zangu, hakuna wa kunizuia, na zaoza pale chini kwa sababu sina moyo wa kuziokota. Mama yako alicheka akashika mbavu, halafu akalia, na mimi nikalia naye mpaka chai ikapoa. Mwaka jana nilimsomea shemeji yangu karatasi nzima bila kutoa chozi, nikadhani ule ni ushujaa.

Usifute kitu. Hayo niliyomwambia mama yako nimeyaandika, yamejaa maneno yaliyokatwa, pengine hata mimi sipasomi, na Purity alipotaka kuyasafisha nimemkataza. Lakini hayatoshi. Kuna mambo ya Ngowa ya nyumbani kwake ambayo mimi sikuwepo, wewe ulikuwepo. Njoo kesho mapema, kabla ya saa nne, tukae tuyaandike pamoja, kwa maana nimeshamzika vibaya mara moja na sitaki kumkosea mara ya pili.